Nani Ashike Chaki? Diskasheni za Hisabati ya Kidato cha Sita

Ukipita usiku wa mwezi Aprili katika shule ya bweni yenye tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), utakuta madarasa mawili matatu yangali na taa baada ya muda wa prepo kwisha, na karibu katika kila darasa utaona jambo lile lile. Kijana mmoja amesimama ubaoni na kipande cha chaki kisichozidi ukucha, na wenzake 8 au 10 wameketi juu ya madawati, miguu ikining'inia, wakitikisa vichwa kukubali kila mstari unaoandikwa. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita huanza mapema Mei, na somo linalowakesha ni Hisabati ya Juu. Kikao hicho wenyewe hukiita diskasheni, ingawa anayezungumza humo kwa kawaida ni mtu mmoja.

Nimekaa katika vikao hivyo kwa nafasi mbili. Kwanza nilikuwa miongoni mwa watikisa vichwa, katika shule ambayo sitaitaja, na miaka kadhaa baadaye nikawa mwalimu wa zamu anayepita na tochi kuwahimiza vijana wakalale. Kwa nafasi zote mbili nimefikia maoni ambayo najua yatawakera baadhi ya walimu wenzangu: diskasheni ni nyenzo bora kuliko tuisheni na bora kuliko vijitabu vya maswali yaliyokwisha kujibiwa, lakini kwa jinsi tunavyoiacha ijiendeshe, karibu faida yake yote humwendea mtu mmoja. Anayejifunza ni mwenye chaki, na chaki kwa desturi hupewa kipanga wa darasa, yaani yule ambaye angefaulu hata kama angejisomea peke yake chini ya mwembe.

Tuutazame kwanza mtihani wenyewe. Kwa muundo uliotumika kwa miaka mingi, Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likitoa karatasi mbili za Hisabati ya Juu, kila moja ya saa 3. Karatasi ya kwanza ina maswali 10, yote ya lazima, kila moja likiwa na alama 10 na kila moja likitoka katika mada yake. Karatasi ya pili ina maswali 4 ya lazima yenye alama 15 kila moja, kisha maswali mengine 4 ambayo mtahiniwa huchagua mawili tu, kila moja likiwa na alama 20. Maana yake ni kwamba katika alama 200 za karatasi zote mbili, alama 160 hazimpi mtahiniwa nafasi ya kuchagua. Hakuna kona ya kujificha. Aliyekimbia takwimu atakutana nazo, na aliyesema namba changamano atazisoma likizo atazikuta zimemtangulia kwenye karatasi.

Ndiyo maana yale makubaliano maarufu ya kugawana mada huwa ni kujidanganya. Yanafahamika katika kila shule: wewe shika vekta, mimi nashika namba changamano, fulani ashike uwezekano, Jumamosi tufundishane. Wanafunzi huyaona kuwa ni ujanja wa kuokoa muda, na katika historia au jiografia pengine hufaa kwa kiasi fulani, kwa sababu hoja uliyosimuliwa vizuri unaweza kuisimulia tena kwa maneno yako. Katika hisabati, kumsikia mwenzako akieleza jinsi ya kutafuta umbali kati ya mistari miwili isiyokutana hakukupi mkono wa kuutafuta. Mahindi aliyolima jirani yako unaweza kuyala, lakini hesabu aliyoikokotoa jirani yako huwezi kuihamishia kwenye karatasi yako, labda uwe tayari kufutiwa matokeo.

Lakini ugawaji wa mada ni kosa dogo, na wengi hulijua wenyewe baada ya jaribio la kwanza. Kosa kubwa zaidi halionekani kwa sababu linafanana na heshima. Fikiria ni nani hasa anayefika kidato cha tano kusoma hisabati. Katika mtihani wa kidato cha nne, hisabati kwa miaka mingi limekuwa somo linaloangusha watahiniwa wengi kuliko karibu masomo mengine yote, kwa hiyo anayechaguliwa PCM ni mtu aliyekuwa nyota huko alikotoka. Huyu alikuwa anaongoza darasa katika shule ya kata huko Sikonge, yule alikuwa ndiye pekee aliyepata A katika shule yao ya Newala, na mwingine aliitwa 'profesa' na wenzake tangu kidato cha pili. Mwezi Julai wanakutana wote katika bweni moja. Ikifika Septemba, wamekwisha kujipanga upya, na katika kila kumi ni mmoja au wawili tu waliobaki na jina la kipanga. Wanane waliobaki hawajawahi kuwa watu wa kuuliza. Walizoea kuulizwa. Hawana hata maneno ya kusema 'hapa nimepotea', kwa sababu maisha yao yote ya shule hawakupata kuyahitaji, na kwa hiyo wanapoketi kwenye diskasheni huchagua njia pekee isiyowaaibisha, nayo ni kutikisa kichwa.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa karibu kuliko wengi alifanya hivyo mbali sana na Tanzania. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alisumbuliwa na swali lililokuwa likijibiwa kwa haraka mno: kwa nini Wamarekani Weusi wengi walikuwa wakianguka katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza, ilhali wenzao wenye asili ya China walikuwa wakifanya vizuri? Aliowauliza walikuwa na majibu tayari. Walisema ni kukosa ari, ni msingi dhaifu, ni familia zisizojali elimu, ni umaskini. Treisman hakuridhika, akaamua kuwafuata wanafunzi wenyewe, 20 wa kundi moja na 20 wa kundi la pili, katika vyumba vyao na maktaba, ili aone wanavyosoma.

Alichokikuta kilizibomoa zile sababu zote. Wanafunzi Weusi walikuwa na ari, wazazi wao waliwaunga mkono, na wengi wao walikuwa vinara wa shule walikotoka. Walikuwa wakisoma kwa bidii, tena kwa saa zile zile walizoshauriwa na wahadhiri. Ila walisoma peke yao, kwa sababu kusoma peke yao, mbali na marafiki wasiojali shule, ndiko kulikowafikisha chuo kikuu. Wale wenye asili ya China nao walianza peke yao, lakini jioni walikutana, wakalinganisha majibu, wakakaguliana kazi, na swali lililowashinda wote likatambulika kuwa ni gumu kweli. Anayesoma peke yake akishindwa na swali hilo hilo hana wa kulinganisha naye, kwa hiyo hudhani kwamba udhaifu ni wake. Dawa aliyoibuni Treisman ilikuwa vikundi vilivyopewa maswali magumu kuliko yale ya darasani, na waliojiunga navyo walianza kufanya vizuri, wengi wao wakiwapita wanafunzi waliodhaniwa kuwa na msingi bora kuliko wao. Makala yake kuhusu uchunguzi huo ilichapishwa mwaka 1992, na hadi leo hunukuliwa kila panapozungumzwa kusoma kwa pamoja.

Wanaomnukuu Treisman hapa kwetu, na nimewasikia kwenye semina za walimu, huishia kwenye sentensi moja kwamba wanafunzi wasome kwa vikundi. Wanaruka sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Wale vijana wa Berkeley hawakukutana ili kufundishwa na mmoja wao. Walifika kikaoni kila mtu akiwa amekwisha kupambana na maswali, ana karatasi yenye makosa yake mkononi, na kikao kilikuwa ni cha kulinganisha makosa. Diskasheni yetu ya saa nne usiku, ambapo wanane wanafika mikono mitupu kumsikiliza mmoja, ni kipindi kingine tu cha darasani, isipokuwa mwalimu wake hana mshahara.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu bila hesabu yenyewe maneno haya yanaelea. Mwaka mmoja, katika kikundi cha watahiniwa niliokuwa nikiwasimamia jioni, swali lilikuwa kutafuta integrali ya eˣ sin x. Ni swali la kawaida sana, na njia yake ni ile ya kugawa vipande ambayo wanafunzi wote huiita 'bai patsi'. Kipanga wa kikundi hulimaliza kwa dakika mbili: anatumia njia hiyo mara ya kwanza, anatumia mara ya pili, integrali ya mwanzo inajitokeza tena upande wa kulia ikiwa na alama ya kutoa, anaihamisha, anagawa kwa 2, na jibu ni nusu ya eˣ(sin x − cos x), ukiongeza C, ile namba thabiti ya integrali. Wote wanatikisa vichwa. Siku hiyo, kwa ukaidi tu, nilimwomba kipanga akae, nikampa chaki msichana aliyekuwa kimya tangu muhula uanze.

Alianza vizuri. Mara ya kwanza alichagua sin x kuwa sehemu ya kudifarenshieti na eˣ kuwa sehemu ya kuintegreti, akapata eˣ sin x, kutoa integrali ya eˣ cos x. Mara ya pili, bila kujali, akabadilisha uchaguzi, akadifarenshieti eˣ na kuintegreti cos x. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Mstari wa mwisho ukasomeka kwamba integrali ni sawa na eˣ sin x, kutoa eˣ sin x, kujumlisha integrali ile ile. Yaani kitu ni sawa na chenyewe. Aliutazama ubao, akautazama tena, akasema kwa sauti ya chini, 'Nimezunguka nikarudi nyumbani.'

Darasa lilicheka, naye akataka kufuta. Nikamzuia, nikawauliza waliocheka wamwonyeshe kosa. Walitafuta kosa la alama, hakuna. Walitafuta kosa la kanuni, hakuna. Kipanga mwenyewe alisema tu kwamba 'haifanywi hivyo', na alipoulizwa kwa nini haifanywi hivyo, akasita, kwa sababu yeye hakuwahi kufanya hivyo na kwa hiyo hakuwahi kulazimika kujua. Zilipita kama dakika 20 za mabishano kabla kijana mmoja wa nyuma hajasema kwamba mara ya pili dada amefungua mlango alioufunga mara ya kwanza: alichokiintegreti hatua ya kwanza ndicho alichokidifarenshieti hatua ya pili, kwa hiyo hatua ya pili imeitengua ya kwanza. Kuanzia hapo kila mtu chumbani aliielewa njia ya kugawa vipande kwa kina ambacho mimi, kwa vipindi vyangu vyote vya ubaoni, sikuweza kuwapa. Walijua sasa kwamba uchaguzi wa hatua ya kwanza ni ahadi ya kuitunza hadi mwisho, na walijua hivyo kwa sababu waliona kilichotokea ahadi ilipovunjwa.

Kosa lile lilikuwa mali ya kikundi, na kipanga asingeweza kulileta hata kwa kukusudia. Hili ndilo ambalo utaratibu wetu wa kumsimamisha anayejua unatunyima kila usiku. Anayejua hupita katikati ya njia, wala haoni mashimo ya pembeni. Anayepotea ndiye anayeyagundua, na akipotea mbele ya wenzake wanaomheshimu, ugunduzi huo huwafaa wote.

Kuna pingamizi la haki hapa, na sitalipita. Ukimpa chaki kila mmoja kwa zamu, kikundi cha watu 10 kitamaliza maswali mawili kwa usiku mzima, na Mei haisubiri. Jibu langu ni kwamba kikundi cha watu 10 hakikupaswa kuwapo. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba, akachapisha mwaka 1913 matokeo ambayo yeyote aliyewahi kusukuma basi lililokwama kwenye tope anayajua bila kipimo: kadiri wasukumaji wanavyoongezeka, ndivyo sehemu ya nguvu inayotolewa na kila mmoja inavyopungua. Kwenye madawati hali ni hiyo hiyo. Watu wanne ni wachache kiasi kwamba hakuna anayeweza kusinzia bila kuonekana, na ni wengi kiasi kwamba swali likimshinda mmoja yupo atakayekuwa na pa kuanzia. Kikizidi watano kinahitaji mwenyekiti, na kikishakuwa na mwenyekiti kimekwisha kuwa mkutano.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ziko shule ambazo mwalimu wa Hisabati ya Juu hayupo kabisa, au yupo mmoja anayegawanywa kati ya vidato viwili na tahasusi tatu, na mada nzima inaweza kufika Machi bila kuguswa. Huko kipanga anayeshika chaki anaziba pengo la serikali, wala si kwamba anawanyima wenzake nafasi, na ni dhuluma kumlaumu. Nakubali. Mada ambayo hakuna aliyeifundisha lazima mtu aifundishe, na mara nyingi mtu huyo ni mwanafunzi wa miaka 19 aliyeisoma usiku wa jana. Ninachokataa ni kuuendeleza utaratibu huo wa dharura hata kwa mada zilizokwisha kufundishwa mara mbili, kwa sababu tu umezoeleka na kwa sababu kipanga mwenyewe anaufurahia. Anaufurahia kwa haki pia: kila anapoeleza, kitu kinakaa vizuri zaidi kichwani mwake. Ndiyo maana naona si sawa akae nacho peke yake mwaka mzima.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha kuhusu diskasheni ni lugha. Hisabati ya kidato cha sita hufundishwa kwa Kiingereza, huandikwa kwa Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza. Diskasheni ndipo mahali pekee ambapo hisabati hiyo huzungumzwa kwa Kiswahili, na ukisikiliza vizuri utasikia kwamba mawazo magumu kabisa hufunguka kwa lugha hiyo. Chukua zile hesabu za kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kwa kuchora mistari na kutia kivuli eneo linaloruhusiwa. Swali husema kwamba mwenye kiwanda lazima atengeneze "at least" viti 40. Mwanafunzi mwenye haraka huliona neno linalofanana na 'kidogo', anaweka alama ya ndogo kuliko, eneo lote linageuka upande, na alama 10 zinakwenda na maji. Mwenzake akimwambia kwa Kiswahili kwamba maana yake ni 'si chini ya viti 40', kosa halirudi tena. Nimeona neno 'si chini ya' likiandikwa kwa penseli ndani ya jalada la daftari kama hirizi.

Lakini hapa pia kuna mtego. Mtahini hakuwapo kwenye diskasheni. Kijana anaweza kueleza kwa Kiswahili fasaha uthibitisho wa indaksheni, kwamba dai ni kweli kwa 1, kisha tunachukulia kuwa ni kweli kwa k, kisha tunaonyesha kwamba ikiwa ni kweli kwa k basi lazima iwe kweli kwa k + 1, na wenzake wote wakaelewa mpaka mwisho. Akipewa kalamu aandike, anaruka moja kwa moja kwenye aljebra, ile sentensi ya kuchukulia haimo, hitimisho halimo, na kilichobaki kwenye karatasi ni mistari ya alama isiyosema inathibitisha nini. Alama za sentensi hizo hupotea, tena kwa mtu anayejua. Kwa hiyo kikundi kizuri huzungumza kwa Kiswahili na kufunga kila swali kwa mtu mmoja, kwa zamu, kuliandika upya kwa Kiingereza kamili kama litakavyosomwa na mgeni. Hatua hiyo huchosha, na ndiyo ya kwanza kuachwa usingizi unapokuja.

Niseme kidogo kuhusu wasichana katika shule za mchanganyiko, maana nimeliona hili mara nyingi mno kulinyamazia. Msichana mwenye mwandiko mzuri hukabidhiwa daftari la kikundi. Yeye ndiye anayenakili kwa rangi mbili kila kinachoandikwa ubaoni, na daftari lake huzunguka bweni hadi bweni likisifiwa. Kwa muda huo wote hajakokotoa hata swali moja. Yule aliyezunguka akarudi nyumbani katika kisa changu alikuwa ndiye mtunza daftari wa kikundi chake, na lilikuwa na majibu sahihi ya maswali zaidi ya 100.

Kuhusu simu na makundi ya WhatsApp, ambayo huwashika zaidi watahiniwa wa kujitegemea na wale walio likizo, sina mengi. Mtu hupiga picha swali, hulituma, na ndani ya dakika tano limerudi limejibiwa, siku hizi mara nyingi na mashine. Ni kipanga mwingine mwenye chaki, ila huyu hachoki, na anayetikisa kichwa anafanya hivyo peke yake kitandani. Swali ni lile lile: kabla hujatuma picha, uliandika nini?

Zikibaki wiki tatu kabla ya mtihani, vikundi vingi huvunjika vyenyewe, kila mtu akirudi kwenye kona yake kupiga msuli na pasti pepa. Nadhani hapo ndipo vinapohitajika zaidi, kwa kazi tofauti. Kikundi cha watu wanne kinaweza kuketi Jumamosi asubuhi katika darasa lisilotumika, saa ya ukutani au ya mkononi ikiwa mezani, na kuandika karatasi nzima kwa saa 3 bila neno. Jioni wanabadilishana karatasi na kusahihishana, kila mmoja akiwa na kalamu nyekundu na akitakiwa kueleza kila alama aliyoikata. Niliwalazimisha wanne wa kikundi kile cha eˣ sin x, akiwamo kipanga na yule msichana, kufanya hivyo mara tatu, na kila mara aliyepata mshtuko mkubwa alikuwa kipanga.

Karatasi yake ilisahihishwa na yule msichana. Katika swali moja la integrali alikuwa ameruka kutoka mstari wa pili hadi jibu, kwa sababu hatua za kati alizifanya kichwani kama alivyozoea kufanya ubaoni huku wengine wakimwitikia. C haikuwapo. Msichana alikata alama 4 kati ya 10 na kuandika pembeni, kwa mwandiko ule mzuri, 'Umetoka wapi hapa?' Walibishana mpaka kengele ya chakula ikapigwa, kipanga akisisitiza kwamba jibu ni sahihi na kwamba kila mtu anajua lilikotoka, naye msichana akimjibu kwamba yeye hajui, na kwamba atakayesahihisha karatasi hiyo mwezi Juni hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Nilipopita baada ya chakula nilimkuta kipanga peke yake dawatini. Alikuwa akiliandika swali lile upya, mstari kwa mstari, na alipofika pale alipokuwa ameruka alisimama, akafuta, akaanza tena.